Daktari Sixtus Kondo, Aliyeombwa Sindano na Kufichwa Degedege

Marehemu Daktari Sixtus Alfonce Kondo alizaliwa Mzenga, Kisarawe, tarehe 6 Agosti 1912. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Alfonce Kondo, katekista, na Mama Agata, mkulima wa mihogo na mpunga. Kaka yake alifariki akiwa bado ananyonya. Mdogo wake, Paskalia, alizaliwa mwaka 1917, na huyo ndiye aliyemfanya Sixtus awe daktari, ingawa hakuishi kulijua hilo.

Mwezi Mei mwaka 1920 Paskalia aliamka na homa, na kufika adhuhuri alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu na povu limemtoka mdomoni. Hakuna mtu wa Mzenga aliyehitaji kuambiwa ni kitu gani. Ugonjwa huo huitwa degedege, na wazee walishika kwamba ni dege, ndege mkubwa asiyeonekana, ambaye kivuli chake kikimpitia mtoto humwachia mtetemeko. Dawa yake ilikuwa kufukiza. Mtoto hufunikwa shuka, chini yake kikawekwa kigae chenye makaa na mavi makavu ya tembo, akavuta moshi mpaka atulie. Mzee Alfonce, pamoja na ukatekista wake, hakuwa na dawa nyingine. Sixtus alitumwa ng'ambo ya bonde kuomba mavi ya tembo kwa jirani. Aliyapata, akayafunga kwenye jani la mgomba, akarudi mbio. Alimkuta mdogo wake ameshafunikwa. Akafurahi kwamba hakuchelewa, akapenyeza mkono na jani lake chini ya shuka. Mama yake akaushika ule mkono, akautoa taratibu. Halikuwa shuka la kufukizia.

Jambo hilo alilisimulia mara moja tu, kwa mchumba wake, naye ndiye aliyelihifadhi hata likafika katika maandishi haya.

Marehemu alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1921, kisha shule ya serikali Dar es Salaam, na mwaka 1932 alichaguliwa kwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea udaktari. Aliondoka na sanduku la mbao alilochongewa na seremala wa misheni, zito kuliko vyote vilivyokuwemo. Huko wenzake walimbatiza jina la Ndege, nalo halikutokana na mwendo wake. Siku moja mwalimu wao, Mwingereza mpole, alisimama kando ya kitanda cha mtoto aliyekuwa akitetemeka, akawauliza wanafunzi mtetemeko ule umesababishwa na nini. Sixtus alikuwa mbele, akajibu kabla hajafikiri.

"Ndege, bwana."

"Ndege gani?" mwalimu akauliza, bila mzaha wowote.

Wenzake walicheka hata muuguzi akawatoa nje ya wodi. Sixtus hakucheka. Siku ile alielezwa kwamba ile ni malaria iliyopanda kichwani, na kwamba mtoto akiwahiwa kwa sindano ya kwinini kabla hajapoteza fahamu kabisa, mara nyingi hupona. Baadaye alimwambia mkewe kwamba alijifunza mambo mawili kwa mkupuo mmoja. La kwanza, Paskalia angeweza kupona. La pili, dawa ya kumponya ilikuwa tayari imo duniani wakati yeye anakimbia na jani lake la mgomba.

Alihitimu mwaka 1938 na kuajiriwa serikalini kwa cheo cha daktari msaidizi. Miaka ya mwanzo alizunguka vijiji vya Pwani akichoma sindano za buba. Waliouona ugonjwa huo wanajua sindano ile ilifanya nini. Mtu mwenye vidonda vilivyomla miguu kwa miaka alichomwa, na baada ya majuma machache alikuwa akicheza ngoma. Watu hawakuhitaji kuhubiriwa. Waliipenda sindano kuliko dawa yoyote iliyopata kuingia Kisarawe, wakaanza kuidai kwa kila kitu, tangu mafua mpaka usingizi mbaya.

Tarehe 6 Januari 1940 alifunga ndoa na Yosefina, binti wa mwalimu Benedikto, katika kanisa la Pugu. Katikati ya karamu, mjomba wa bibi harusi alimvuta bwana harusi nyuma ya banda la kupikia, akaanza kulegeza shuka lake kiunoni.

"Mkwe, kabla hujamchukua mtoto wetu, nichome moja."

"Mjomba, leo nimevaa suti. Sindano sikuja nayo."

"Daktari gani anatembea bila sindano? Tumeozesha karani?"

Bwana harusi alitoka pale akicheka, lakini wageni wengine wanne walikuwa wameshajipanga nyuma ya banda. Ndoa hiyo ilijaliwa watoto watatu. Wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1942, alipewa jina la Paskalia, na tangu hapo mkewe hakumwita kwa jina jingine ila Baba Paskalia.

Mara tatu marehemu aliomba ahamishiwe Mzenga, na mara tatu akajibiwa kwamba Mzenga hakuna nafasi, kwa kuwa hakuna hospitali. Yeye alikuwa akiomba kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1948, alipopata kibali cha kufanya kazi peke yake, aliacha utumishi wa serikali na kufungua dispensari yake hapa, katika nyumba ya udongo yenye paa la bati, chumba kimoja cha dawa na ukumbi mmoja wenye mabenchi. Sindano alizichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa. Kila Alhamisi alipanda baiskeli kwenda Gwata, upande wa Kibaha, akalala huko na kurudi kesho yake. Dawa alizinunua mjini mwenyewe. Walioweza walilipa fedha, wengine walilipa kuku, na wengine walisema watakuja Jumatatu.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Mzee Shomari, mkulima wa korosho, aliyeumwa goti. Marehemu alimpima, akampa vidonge.

"Vya nini hivi?" Mzee Shomari akauliza.

"Vya goti, mzee wangu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni."

"Mwanangu, kumeza naweza kumeza nyumbani kwangu. Nimetembea kutwa nije kuchomwa."

"Goti lako halihitaji sindano."

"Goti halihitaji, lakini mimi nahitaji." Akageuka, akajipiga kofi nyongani. "Upande huu bado mzima, haujaguswa tangu enzi za buba."

Kwa miaka kumi Mzee Shomari hakuacha kuja, wala wenzake. Ukumbi ulijaa watu wazima waliotaka kuchomwa na ambao wengi wao hawakustahili kuchomwa. Aliyestahili hakuletwa. Hilo ndilo lililomsumbua marehemu maisha yake yote ya kazi, na wasifu wake hauwezi kulipita.

Watu wetu walishika, na wengine wanashika hadi leo, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Walisema sindano humtobolea dege njia, naye hutoka na roho ya mtoto. Sindano iliyotukuzwa kwa buba, kwa goti na kwa mafua, ilikuwa haramu kwa ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ndio uliomtoa marehemu Makerere na kumrudisha Mzenga. Kwa hiyo akina mama walijifunza kumficha neno. Mama alimleta mtoto anayechemka kama chungu, akiulizwa anasema ana kikohozi. Alikakamaa? Hapana. Macho yaligeuka? Hapana, Daktari, kikohozi tu. Akishapewa dawa ya kikohozi alitoka upesi, na njia aliyoishika haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya kwa Bibi Biasha, mganga wa watoto, aliyefukiza nyuma ya kisima.

Mwezi wa Aprili 1949, huko Gwata, mwanamke aitwaye Siwema alimleta kwa marehemu binti yake wa miaka miwili, Mwanajuma. Alikuwa ameshafukizwa siku mbili, mwili umelegea, hata kulia hakuweza. Marehemu alimweleza Siwema ukweli wote. Alimwambia hii ni malaria, dawa ni sindano, tumechelewa, lakini bila sindano hakuna tumaini. Siwema, akiwa amechoka, alikubali. Mwanajuma alichomwa, akafa kabla mama yake hajamfunga tena mgongoni. Watu wote waliokuwa barazani waliona. Habari ilifika Mzenga kabla ya baiskeli ya Daktari.

Alhamisi iliyofuata hakuja mtoto hata mmoja. Walikuja watu wazima, wakataka sindano. Marehemu aliwakusanya barazani, akachemsha sindano mbele yao, akajichoma paja lake mwenyewe.

"Mmeona? Nimekufa?"

Wakatazamana. Mzee mmoja akajibu kwa heshima, "Hujafa, Daktari. Lakini wewe huna degedege."

Alirudi Mzenga akichechemea, akamsimulia mkewe, na wote wawili wakacheka mpaka chai ikapoa. Halafu Yosefina akaona kwamba mwenzake hacheki tena.

Baada ya miaka mitatu ya namna hiyo alikwenda kwa Bibi Biasha. Watu wa Mzenga walidhani amekwenda kugombana. Yosefina, aliyefuatana naye, anakumbuka walivyozungumza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Sistusi mwanangu. Umekuja kufukizwa?"

"Nimekuja kuomba watoto."

"Watoto si huzaliwa nyumbani kwako?"

"Bibi, wale wenye degedege. Wafukize, sikukatazi. Lakini wakifika tu, siku ileile, nipe nami niwape dawa yangu."

Bibi Biasha alichochea makaa yake. "Nikuulize, mwanangu. Wanaokuja kwangu, wapo wanaopona na wapo wanaokufa. Wanaokuja kwako?"

Bibi akajijibu mwenyewe.

"Wote hufa. Nikuletee ili iweje?"

"Hufa kwa sababu huletwa wakiwa wameshakufa nusu."

"Hayo unayajua wewe. Mama yake anachokiona ni sindano, na baada ya sindano ni kaburi." Kisha akasema polepole, "Sindano hawataki. Chale hawakatai."

Chale ni mikato midogo ya wembe ambayo mganga humchanja mtoto na kumpaka dawa. Hakuna mama wa Mzenga aliyeogopa chale. Marehemu alielewa, na akakubali, jambo ambalo baadaye alilitazama kama kosa kubwa la maisha yake. Wakapatana hivi. Mtoto akifika kwa Bibi Biasha, Daktari anaitwa. Mtoto anafunikwa shuka la kufukizia, moshi unajaa, mama anasubiri nje. Daktari anaingiza mikono yake miwili chini ya shuka, anachanja chale mbili pajani, na kando yake anachoma sindano ya kwinini. Nje inatangazwa kwamba mtoto amechanjwa chale ya Daktari.

Yosefina hakuipenda. "Baba Paskalia, si bora uwaambie kweli?"

"Kweli niliisema Gwata," alijibu. "Tukamzika Mwanajuma."

Masika yote ya mwaka 1952 mpango ule ulifanya kazi. Watoto waliletwa siku ya kwanza, na wengi wakapona. Akina mama walianza kulitaja neno mlangoni pake bila kumung'unya: ana degedege, tumekuja tupate chale. Mkewe anasema mwaka huo marehemu aliimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, na kwa kuwa hakujua kuimba, kwaya iliteseka.

Mwezi Machi 1953 aliletwa mgonjwa aitwaye Abdala, mtoto wa Mzee Mwinyijuma. Alifukizwa, akachanjwa, akachomwa, na hakupona. Hata hospitali kubwa zinao watoto wasiopona. Abdala alipooshwa kwa ajili ya maziko, mzee aliyemwosha aliona paja. Aliona chale mbili, na kando yake tundu la sindano, jekundu, limevimba kidogo. Akamwita Mwinyijuma, naye akaja akaangalia.

Jioni hiyo Mwinyijuma alisimama mbele ya dispensari. Hakuwa na fimbo wala hakupiga kelele.

"Daktari, ulimchoma mwanangu?"

"Nilimchoma."

"Ulisema chale."

"Nilisema."

"Kama dawa yako ni njema, kwa nini uliifunika shuka?"

Bibi Biasha aliulizwa kama alijua, akasema hakujua. Daktari aliulizwa kama Bibi alijua, naye akasema Bibi hakujua. Kwa hiyo lawama yote ilikaa mahali pamoja. Kila mama aliyewahi kumpoteza mtoto alikumbuka paja na kujiuliza. Hata waliopona hawakumsaidia, maana mama zao waliapa kwamba wao walichanjwa chale tu.

Kuanzia hapo neno degedege halikutamkwa tena ndani ya dispensari ile. Kulikuwa na kikohozi kingi sana Mzenga. Mzee Shomari aliendelea kuja na nyonga yake. Marehemu aliendelea kuwapima watu wazima, kuzalisha, kufunga mifupa iliyovunjika na kwenda Gwata kila Alhamisi. Kila masika alikuwa akisimama mlangoni, akawaona akina mama wakipita na watoto waliofunikwa mgongoni, wakimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, Daktari," na kuelekea kisimani. Alijua wanakwenda wapi, na walijua kwamba anajua. Mara ya kwanza alimfuata mmoja mpaka njiani, na mwanamke yule akaanza kukimbia. Hakumfuata mwingine. Yosefina anasema alikuwa akirudi ndani na kuchemsha sindano zilizokwisha kuchemshwa.

Marafiki zake mjini walimshauri afunge, ahamie Dar es Salaam, ambako daktari mwenye elimu yake angeishi vizuri. Alijibu kwamba akihama watasema alikimbia tundu la Abdala. Akabaki.

Katikati ya mwezi huu wa Aprili 1958 marehemu alipata homa. Alimeza dawa, akaendelea na kazi. Siku ya Jumatano, tarehe 23, alifika mjumbe kutoka Gwata, ametumwa na Siwema, yule mama wa Mwanajuma, ambaye sasa ni bibi. Mjukuu wake, Mbaraka, alikuwa ameanza kukakamaa asubuhi hiyo. Mjumbe alilitamka neno lenyewe, degedege. Yosefina alimkataza mumewe asiende. Alimwambia macho yake yamekuwa ya njano na mikono yake inatetemeka.

"Mama Paskalia," alisema, akifunga mkoba wake kwenye baiskeli, "wameniita siku ya kwanza."

Siwema yupo nasi hapa leo, na yaliyofuata yametoka kinywani mwake. Alimpokea marehemu barazani, mbele za watu, na majirani wakamwuliza kama amesahau. Akawajibu: "Wangu wa kwanza kushikwa na dege alichomwa, akafa. Wa pili nikamficha, akafa. Huyu achomwe mapema, tuone." Marehemu alichemsha sindano uani, hadharani, akasubiri mpaka mkono wake ukatulia, akamchoma Mbaraka pajani bila shuka lolote. Alikesha naye na kumrudia tena kwa sindano. Alhamisi mchana mtoto aliomba uji. Watu wa Gwata walikuja kumtazama akinywa.

Alasiri hiyo marehemu alisema ataegemea kidogo. Ijumaa asubuhi walimwita, hakuitika. Mwili wake ulikuwa unawaka, meno yameumana, na mkono mmoja ulikuwa unaruka wenyewe. Waliokuwepo hawakuhitaji kuambiwa ni kitu gani.

"Mchomeni," Siwema akasema.

Hakuna aliyejongea.

"Mchomeni jamani! Dawa ile pale, sindano ile pale. Mnangoja nini?"

"Nani amchome, Siwema?" shemeji yake akamwuliza. "Anayejua kuchoma si ndiye huyo?"

Walimweka juu ya kitanda, wakambeba mpaka barabara ya Morogoro, wakamsimamisha dereva wa lori la mkaa, Mfaume, aliyekubali kumpeleka Dar es Salaam. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Siwema alikaa nyuma, kichwa cha Daktari kikiwa mapajani mwake. Mfaume alisimama Maili Moja kutia maji kwenye rejeta, akaomba radhi, akasema atakimbiza gari sasa. Siwema alimwambia asikimbize tena. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 25 Aprili 1958. Marehemu alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Mwili uliletwa Mzenga jana, Jumamosi, kwa lori lilelile. Habari za kupona kwa Mbaraka zilikuwa zimetangulia kwa wachuuzi wa baiskeli, lakini za kifo zilikuwa hazijafika vijiji vya ndani. Alasiri, uwanja ukiwa umejaa waombolezaji, Mzee Mwinyijuma alitokea kwenye kichochoro amembeba mjukuu wake, mtoto wa kike, anatetemeka. Aliwaona watu wamekaa kwenye mabenchi, akadhani wanasubiri sindano. Akawapita mpaka mlangoni.

"Hodi! Mama Paskalia, Daktari yupo?"

"Yupo, baba," Yosefina akajibu.

"Mwambie nimemletea degedege. Limeanza leo asubuhi, sijapita kokote. Mwambie mambo ya shuka sitaki. Amchome wazi, mguu nitaushika mwenyewe."

Yosefina alisogea tu pembeni ya mlango, Mwinyijuma akatazama ndani, akaliona shuka na aliyefunikwa.

Mfaume alikuwa hajaondoka. Mtoto alipakiwa kwenye lori kupelekwa hospitali mjini, babu yake akiwa naye. Mpaka maandishi haya yanapigwa chapa misheni asubuhi hii, gari halijarudi, na hatujui.

Marehemu ameacha mjane, Yosefina. Watoto watatu, Paskalia, Alfonce na Agata. Na mama yake mzazi, Mama Agata, ambaye sasa amewazika watoto wake wote. Dispensari ya Mzenga imefungwa, kwa kuwa hakuna wa kuifungua.

Bwana ampe Sixtus pumziko ambalo kazi yake haikumpa, na alale kwa amani.